Jinsi ya kuiuzia serikali kuu ya Marekani vifaa na huduma za afya

Mnunuzi mkubwa kuliko wote hapa ni Wizara ya Masuala ya Maveterani, ambayo kila mtu anaiita VA. Ina hospitali kama 170 na mamia ya kliniki. Baada yake kuna jeshi, ambalo hununua dawa na vifaa kupitia ofisi ya DLA Troop Support iliyoko Philadelphia, kisha Indian Health Service inayowahudumia Wahindi Wekundu, kisha magereza ya shirikisho. Mwongozo huu unamlenga mwenye kampuni ndogo iliyosajiliwa Marekani: anayeuza glovu, bandeji au viti vya magurudumu, anayepeleka wauguzi hospitalini, anayeendesha wakala wa huduma za nyumbani, au mwenye gari lenye lifti la kusafirisha wagonjwa. Aliye Dar, Nairobi au Muscat na anatengeneza bidhaa asome hasa hatua ya nne.

Wengi huanzia pasipofaa. Wanasikia habari za mkataba wa Federal Supply Schedule (mkataba wa miaka mitano wenye orodha ya bei, tutauona kwenye hatua ya kwanza), wanamlipa mtu maelfu ya dola awaandalie maombi, na mwaka unapita bila mauzo hata ya katoni moja. Mkataba huo ni mlango mmoja tu, na kwa kampuni changa mara nyingi ndio mlango wa mwisho kubisha hodi.

Hatua ya 1: Jua mlango wako

Kuna njia tano, na bidhaa au huduma yako ndiyo inayoamua ipi inakufaa.

Ya kwanza ni manunuzi madogo kwa kadi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, mtumishi wa hospitali ya serikali mwenye kadi ya manunuzi anaweza kununua bidhaa hadi dola 15,000 bila kushindanisha bei. Kwa huduma zinazoguswa na sheria ya mishahara ya mikataba ya huduma, kikomo ni dola 2,500 tu. Hapa unachohitaji ni mashine ya kupokea kadi, karatasi moja inayoeleza unachouza, na jina la mtu wa stoo au wa idara. Historia ya kazi hujengwa hapa, nayo ndiyo utakayoulizwa baadaye kwenye zabuni kubwa.

Ya pili ni zabuni zinazotangazwa kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya zabuni na usajili wa wauzaji. Usafiri wa wagonjwa, usafishaji wa nguo za hospitali, ukodishaji wa vitanda, matengenezo ya mashine, hivi vyote hupita hapo, hospitali kwa hospitali.

Ya tatu ni Federal Supply Schedule ya VA, yaani mkataba wa miaka mitano wenye orodha ya bei zako, ambao hospitali yoyote ya serikali kuu inaweza kuagiza kwao. Ya nne ni orodha za wasambazaji wakuu: VA ina mpango wa MSPV, jeshi lina katalogi ya ECAT. Wakala wa huduma za nyumbani njia hizo nne azisahau kwa sasa. Mlango wake ni wa tano, ule wa huduma za jamii za VA, na una sehemu yake huku chini.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea: kanuni kuu za manunuzi, FAR, zimekuwa zikiandikwa upya tangu amri ya Rais ya Aprili 2025. Namba za vifungu zinahama. Ukikuta namba fulani kwenye mwongozo wa zamani, linganisha na maandishi ya zabuni iliyo mbele yako, na maandishi hayo ndiyo yanayokufunga.

Hatua ya 2: Usajili wa SAM.gov

Usajili ni bure. Tunasema tena kwa sababu siku chache baada ya kujisajili utapokea barua pepe na simu kutoka kwa watu wanaojifanya ofisi ya serikali, wakitaka mamia ya dola "kukamilisha" au "kuhuisha" usajili wako. Hawana uhusiano wowote na serikali. Ukihitaji mtu wa kukushika mkono, tafuta ofisi ya APEX Accelerator ya jimbo lako, ambazo zamani ziliitwa PTAC. Huduma yao hailipiwi, na wengi wao wanajua kazi.

Andaa kwanza hivi: barua ya IRS, yaani mamlaka ya kodi, iliyokupa namba ya kodi ya kampuni (EIN), cheti cha kampuni kutoka jimboni, taarifa ya benki au bili ya umeme yenye jina la kampuni na anwani ya mtaa, na namba za akaunti ya benki. Sanduku la posta halikubaliki kama anwani ya ofisi.

Usajili hukwama zaidi kwenye jina. Barua ya IRS inasema "Pwani Medical Supply LLC", cheti cha jimbo kinasema "Pwani Medical Supplies, LLC", benki imeandika "Pwani Med". Kwako wewe ni kampuni moja, lakini mfumo unaona tatu. Rekebisha kwenye chanzo kabla hujajaza fomu. Jina lifanane herufi kwa herufi, na sehemu ya jina la mlipakodi ilingane na IRS ilivyokuandika. Ukikosea, ombi hurudishwa na unajipanga upya kwenye foleni.

Ukimaliza utakuwa na namba mbili: UEI yenye herufi na tarakimu 12, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS tarehe 4 Aprili 2022, na CAGE yenye herufi na tarakimu 5. Kampuni iliyoko nje ya Marekani hutangulia kuomba namba ya NCAGE.

Ndani ya SAM kuna maswali mengi ya kiapo, na moja huwanasa wengi bila kujua. Serikali haifanyi mkataba na kampuni inayotumia vifaa vya Huawei, ZTE, Hytera, Hikvision au Dahua, na tangu Agosti 2020 katazo hilo linagusa hata vifaa unavyotumia mwenyewe ofisini. Inuka, kaangalie nembo ya kamera ya ulinzi iliyo juu ya mlango wa ghala, na pia aliyeitengeneza hasa kama nembo ni ya duka. Kisha jibu swali.

Watu wenye green card huuliza kama wanaruhusiwa. Kampuni iliyosajiliwa Marekani na inayofanyia kazi Marekani inaweza kujisajili na kuhesabiwa kuwa ndogo hata kama mwenye nayo bado hajapata uraia. Uraia unatakiwa kwenye mipango ya upendeleo kama 8(a) ya wenye hali duni kijamii na kiuchumi, WOSB ya wanawake na HUBZone ya maeneo yaliyo nyuma kiuchumi.

Hatua ya 3: Namba za biashara na upendeleo

Chagua namba za NAICS, zinazoonyesha aina ya biashara, kwa kufikiria mnunuzi anavyotangaza. Muuzaji wa jumla wa vifaa vya hospitali hukimbilia 423450 kwa sababu ndiyo namba ya wauzaji wa jumla. Lakini zabuni za bidhaa hazitangazwi kwa namba za jumla wala rejareja. Hutangazwa kwa namba ya mtengenezaji, kwa mfano 339112 kwa vyombo vya upasuaji na tiba, au 339113 kwa vifaa kama bandeji, glovu na viti vya magurudumu. Ukiweka 423450 peke yake, utatafuta zabuni na kukuta ukurasa mtupu. Huduma za nyumbani ni 621610, usafiri wa wagonjwa wasio wa dharura ni 485991, wafanyakazi wa muda ni 561320.

Ongeza misimbo ya bidhaa unapotafuta: 6515 ni vifaa vya tiba na upasuaji, 6510 ni vya kufungia vidonda, 6505 ni dawa, 6530 ni samani za hospitali, 6550 ni vipimo na vitendanishi vya maabara. Hifadhi utafutaji huo kwenye SAM.gov ili upate taarifa kila siku.

Kwa VA, upendeleo wenye nguvu kuliko wote ni wa maveterani. Sheria inaitaka VA izitengee zabuni kampuni za maveterani pale inapotarajia angalau kampuni mbili za aina hiyo kuleta ofa kwa bei ya haki, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha mwaka 2016 katika kesi ya Kingdomware. Kama ulitumikia jeshi la Marekani, na wapo Waswahili wengi waliopitia huko, omba cheti cha VetCert kutoka SBA, shirika la serikali la biashara ndogo. Unatakiwa umiliki angalau asilimia 51 na uiendeshe kampuni mwenyewe. Kumweka veterani jina tu kwenye karatasi huku wewe ndiye unayeshika kila kitu ni kosa la jinai, na watu wamefungwa kwa hilo.

Hatua ya 4: Bidhaa imetengenezwa wapi?

Ofa nyingi za vifaa hufia kwenye swali hili. Mikataba ya Federal Supply Schedule inafuata sheria ya mikataba ya biashara, TAA: bidhaa iwe imetengenezwa Marekani au katika nchi iliyoteuliwa, au ikiwa ina sehemu kutoka kwingine, iwe imegeuzwa kabisa huko kuwa kitu kipya chenye jina, sura na matumizi tofauti.

China haimo kwenye orodha, wala India. Malaysia, zinakotoka glovu nyingi sana, haimo. Pakistan, ambako mji wa Sialkot huzalisha mikasi na koleo za upasuaji kwa wingi, haimo pia. Kwa hiyo vitu vingi unavyoona kwenye ghala la msambazaji wa kawaida haviwezi kuingia kwenye mkataba huo.

Wakati huohuo nchi maskini zaidi zimo kama kundi: Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimeteuliwa. Kenya haihesabiwi katika kundi hilo, kwa hiyo haimo. Oman imo kwa mlango mwingine, mkataba wake wa biashara huria na Marekani. Maana yake kwa vitendo: chandarua kilichofumwa na kushonwa Arusha kinapita kwa upande wa asili, cha Nairobi hakipiti. Mtengenezaji wa Afrika Mashariki anayeuza kupitia mbia wa Marekani aitumie faida hii. Orodha yenyewe hubadilika, isome kwenye kifungu kilichomo ndani ya zabuni.

Kufunga upya si kutengeneza. Ukileta bandeji kutoka Shanghai kwa marobota, ukazikata na kuzitia kwenye boksi zuri huko Ohio, bado ni bandeji za China. Seti yenye vitu kumi ndani huleta ubishi zaidi, na ukiwa na shaka ya kweli unaweza kuiomba Forodha ya Marekani, CBP, itoe uamuzi rasmi kuhusu asili. Usikisie. Tamko la uongo juu ya asili huingia kwenye sheria ya madai ya uongo, ambapo hasara ya serikali hulipwa mara tatu pamoja na faini.

Namna ya kukagua: usiridhike na tovuti ya msambazaji, maana neno "Made in USA" pale huandikwa na mtu wa masoko. Agiza boksi moja. Soma ubavuni, soma pia chini, ambako nchi ya asili huchapwa kwa herufi ndogo. Kisha mwombe mtengenezaji barua inayotaja namba ya bidhaa, kiwanda na nchi, iliyosainiwa na mtu mwenye cheo. Bidhaa ileile yenye namba ileile ya katalogi inaweza kuwa inatoka viwanda viwili, kimoja Mexico na kingine China. Barua isiyotaja kiwanda haikulindi.

Zabuni iliyotengewa makampuni madogo ina kanuni zake. TAA haitumiki hapo. Inayotumika ni sheria ya Buy American, na kama wewe hutengenezi bali unanunua na kuuza, kuna kanuni ya asiye mtengenezaji: bidhaa itoke kwa mtengenezaji mdogo wa Marekani, isipokuwa SBA imetoa msamaha kwa aina hiyo ya bidhaa. Kwa utengaji wa kawaida wa makampuni madogo kanuni hii huanza juu ya dola 350,000. Kwa zile zilizotengewa maveterani, wanawake au 8(a), haina kiwango cha chini. Muuzaji anayeleta chapa ya kampuni kubwa kwenye zabuni ya maveterani bila kuangalia kama kuna msamaha hushinda kwa bei, kisha mshindani wake anapeleka malalamiko na ushindi unafutwa.

Hatua ya 5: FDA na barua ya mtengenezaji

Kiwanda cha vifaa tiba, na mwagizaji wa kwanza anayeviingiza nchini, husajiliwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa, na kuhuisha usajili kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba. Usajili huo si kibali cha bidhaa. Glovu za kupimia wagonjwa zinaweza kuonekana kitu kidogo, zimo daraja la kwanza, lakini zinahitaji namba ya 510(k), yaani ruhusa ya FDA ya kuuza bidhaa yenyewe. Muuzaji akikuonyesha "cheti cha FDA" chenye tai na muhuri wa dhahabu, ujue FDA haitoi vyeti vya namna hiyo kwa usajili. Omba namba ya 510(k), itafute mwenyewe kwenye hifadhidata ya FDA, uone kama jina la kampuni na bidhaa vinaoana.

Barua ya mtengenezaji ni kitu tofauti. VA haitaki bidhaa za soko la kijivu, yaani halisi lakini zilizopita njia isiyoruhusiwa na mwenye chapa. Muuzaji aliyenunua kwa mnada au kwa duka la mtandaoni hana barua, na ofa yake haisomwi. Barua iseme kwamba wewe ni msambazaji aliyeidhinishwa, kwa bidhaa zipi, kwa muda gani, na kwa mkataba wa Schedule iseme pia kwamba mtengenezaji atakupa mzigo wa kutosha kwa muda wote wa mkataba. Watengenezaji wakubwa huchukua muda kutoa barua hii, na wengine hawatoi kabisa kwa kampuni isiyo na mauzo. Anza na watengenezaji wadogo wa Marekani ambao hawana mtu wao wa serikali. Wanakuhitaji kama unavyowahitaji, na wanakutatulia swali la hatua ya nne kwa mkupuo.

Hatua ya 6: Kusoma zabuni na kujibu

Fungua nyaraka zote, si ukurasa wa kwanza tu. Soma kwa mpangilio huu: imetengewa nani, NAICS gani, mwisho lini, mzigo uende wapi, tathmini itakuwaje. Kama imetengewa maveterani na wewe huna cheti, funga uende kwenye nyingine.

Saa ya mwisho imewaumiza watu kwa namna mbili. Kwanza ukanda: "10:00 AM Central" ni saa mbili asubuhi kwa aliye Seattle. Pili, sisi wenyewe: umesoma 10:00, kichwani ukapita na saa kumi, ukajipa mchana kutwa. Ni saa nne asubuhi. Ofa ikichelewa hata dakika mbili hairudishwi mezani. Tuma siku moja kabla, na uangalie ukubwa wa faili, kwani barua pepe nzito huzuiliwa na mfumo wa serikali bila wewe kuarifiwa.

Kisha kipimo cha kuuzia. Jedwali la bei linaandika EA kwa kimoja, BX kwa boksi, CS kwa katoni. Chukua glovu: boksi lina glovu 100, katoni ina maboksi 10, jumla 1,000. Zabuni inataka CS 400. Wewe orodha yako ya bei ni ya boksi, dola 6.20, unaandika 6.20 kwenye mstari wa CS. Umeiuzia serikali katoni ya dola 62 kwa dola 6.20, na jumla inasomeka 2,480 badala ya 24,800. Ofisa mwema atakupigia kuuliza kama umekosea. Usitegemee simu hiyo.

Bei iwe pamoja na usafiri hadi mlangoni kama masharti ni FOB Destination, na mara nyingi ndivyo. Soma saa za kupokea mizigo na kama ghala lina jukwaa la kushushia. Lori likifika bila lifti ya nyuma mahali pasipo na jukwaa, linarudi na mzigo, na gharama ya safari ya pili ni yako.

Zabuni ikitaja chapa na kuongeza "au inayolingana nayo", itaorodhesha sifa za lazima: uzito kiti kinachobeba, upana wa kukalia, aina ya breki. Jibu kila sifa kwa mstari wake, ukionyesha ukurasa wa kijitabu cha mtengenezaji unaothibitisha. Kuandika "bidhaa yetu inakidhi vigezo vyote" ni sawa na kutojibu.

Kagua pia fomu za kusaini. Zabuni za VA zilizotengewa maveterani huwa na cheti cha kuahidi kwamba hutawaachia wakandarasi wengine sehemu kubwa ya kazi. Kwa huduma, zaidi ya asilimia 50 ya malipo isiende kwa kampuni zisizo na sifa kama yako. Ofa isiyo na cheti hicho kilichosainiwa huwekwa kando, hata ikiwa ya bei nafuu kuliko zote. Saini pia kila marekebisho ya zabuni yaliyotolewa katikati.

Hatua ya 7: Federal Supply Schedule, ukiwa tayari

Mikataba hii ya afya huendeshwa na VA kupitia National Acquisition Center iliyoko Hines, Illinois. Imegawanywa kwa makundi: 65 I B ni dawa, 65 II A vifaa tiba, 65 II C meno, 65 II F viti vya magurudumu na vifaa vya kutembelea, 65 V A eksirei, 65 VII vipimo na vitendanishi, 66 III mashine za maabara zinazolipiwa kwa kipimo, 621 I wafanyakazi wa afya, na 621 II huduma za maabara. Maombi hupokelewa mwaka mzima. Hesabu miezi, si wiki.

Kiini cha maombi ni kufichua bei zako: unawauzia nani, kwa punguzo gani, kwa masharti gani. Serikali inataka bei ya mteja anayependelewa kuliko wote. Kama wewe ni msambazaji usiye na mauzo ya kutosha kwa wateja wasio wa serikali, utaulizwa takwimu za mtengenezaji wako, na hapo wengi hukwama kwa sababu mtengenezaji hataki kumwonyesha msambazaji mdogo vitabu vyake. Liulize hili kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza.

Mkataba utataja mteja wa kulinganishwa. Ukimshushia mteja huyo bei baadaye, ya serikali nayo inashuka, na unatakiwa kutoa taarifa. Mfanyakazi wako wa mauzo asiyejua hili anaweza kutoa punguzo la Ijumaa jioni likakugharimu miaka mitatu. Mwekee jina la mteja huyo ukutani.

Kuna pia ada ya serikali: asilimia 0.5 ya mauzo kwa bidhaa, asilimia 1 kwa huduma za 621. Haiongezwi kwenye ankara, inajificha ndani ya bei. Ukitaka kubaki na dola 60, gawanya kwa 0.995 upate 60.30. Kwa saa ya mhudumu unayotaka kubaki na 40, gawanya kwa 0.99 upate 40.40. Ripoti ya mauzo hutolewa kila robo mwaka, hata kama umeuza sifuri.

Dawa zina ulimwengu wao. Sheria ya 1992 inawataka watengenezaji wa dawa zenye chapa wasaini mkataba mkuu na VA, na bei ya juu kwa VA, jeshi, huduma ya afya ya umma na walinzi wa pwani isizidi asilimia 76 ya wastani wa bei ya kiwandani kwa wanunuzi wasio wa serikali. Asiye mtengenezaji aliingie eneo hili akiwa na mwanasheria.

Kwa 621 I, utauza saa za watu: muuguzi, msaidizi wa muuguzi, mfamasia. Faida yake ni kwamba leseni ya jimbo lolote, ikiwa hai na isiyo na kizuizi, mara nyingi inatosha kufanya kazi ndani ya hospitali ya VA. Ubaya wake ni mishahara: wasaidizi wa wauguzi wanalindwa na jedwali la mishahara la Wizara ya Kazi kwa kaunti husika, pamoja na marupurupu ya afya kwa saa. Bei iliyopigwa kwa mshahara wa soko bila kusoma jedwali hugeuka hasara mwezi wa kwanza. Kagua pia kila mfanyakazi kwenye orodha ya waliofungiwa ya OIG, ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya, kila mwezi.

Wakala wa huduma za nyumbani

Veterani mzee anayehitaji mtu wa kumsaidia kuoga, kuvaa na kula hupatiwa saa za huduma na kliniki yake ya VA, na kazi hufanywa na mawakala wa nje. Hushindani kwa zabuni. Unahitaji leseni ya jimbo lako kama inatakiwa, na majimbo hayafanani: Texas inataka leseni ya HCSSA hata kwa usaidizi wa kuoga na kuvaa, Minnesota ina leseni yake kutoka Idara ya Afya. Unahitaji namba ya mtoa huduma za afya (NPI), bima, na mkataba na kampuni inayosimamia mtandao wa watoa huduma wa VA: Optum kwa kanda 1 hadi 3, ambamo Minnesota, Ohio na Massachusetts zimo, na TriWest kwa kanda 4 na 5, pamoja na Texas, Washington na Arizona. Mikataba ya wasimamizi hushindaniwa upya, hivyo angalia nani anashikilia kanda yako leo. Pale mtandao usipotosha, hospitali ya VA inaweza kusaini nawe makubaliano ya moja kwa moja yaitwayo Veterans Care Agreement. Mtu wa kumtafuta yuko ofisi ya huduma za jamii ya hospitali hiyo.

Kanuni ya kwanza: hakuna ruhusa ya VA, hakuna malipo. Mjukuu wa veterani anaweza kukupigia akilia kwamba babu ameanguka na mtu aje leo. Nenda kama jirani ukitaka, lakini saa hizo hazilipwi mpaka namba ya rufaa itoke, na tarehe hairudishwi nyuma kwa huruma.

Hesabu ni ya robo saa. Ruhusa ya saa 2, mara 3 kwa wiki, ni yuniti 8 kwa siku, 24 kwa wiki, na kwa wiki 26 ni 624. Andika ukutani tarehe ruhusa inapoisha na yuniti zilizobaki. Omba nyongeza mapema, kwa sababu mhudumu ataendelea kwenda kwa mazoea, ruhusa itaisha Jumapili usiku, na kazi ya Jumatatu utailipa mfukoni mwako. Madai yatumwe ndani ya siku 180 tangu huduma ilipotolewa, yakiwa na namba ya rufaa ileile na tarehe zinazolingana na karatasi ya saa aliyosaini veterani.

Malipo

Ankara za VA hupita kwenye mfumo wa Tungsten, za jeshi kwenye WAWF. Iwe na namba ya oda, maelezo na kipimo cha kuuzia kama yalivyo kwenye oda, kiasi, bei, na namba yako ya kodi. Siku 30 huanza kuhesabiwa pale ankara sahihi imefika na mzigo umepokelewa na kukubaliwa, lile litakalochelewa kati ya hayo mawili. Ukituma ankara ya BX kwa oda ya CS, itarudishwa na hesabu ya siku itaanza upya. Weka risiti ya dereva yenye saini na jina linalosomeka la aliyepokea, kwa sababu stoo ya hospitali kubwa hupokea mamia ya maboksi na ya kwako inaweza kulala kwenye kona bila kuingizwa kwenye mfumo.

SAM huisha kila siku 365. Ikiisha huwezi kupewa oda mpya, na ukibadili benki bila kurekebisha humo, fedha zinaelekea akaunti iliyofungwa. Anza kuhuisha siku 60 kabla, wala usingoje barua pepe ya kukumbushwa, kwa sababu itakuwa imezikwa chini ya zile za matapeli.